Jambazi Anayetaka Kuacha: Mwongozo Kamili wa Kupiga Filamu ya Kauboi kwa Pesa Kidogo

Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua sheria: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, binti wa shamba atamfunga kitambaa, kisha atarudi mjini kumaliza watu. Filamu hiyo usiipige. Inataka risasi mia tatu, farasi ishirini na mtaa mzima wa mbao, na wewe una kamera moja, marafiki saba na likizo ya wiki mbili.

Ipo nyingine, ya jambazi aliyechoka, anayetaka kuishi kama watu. Hiyo ndiyo saizi yako. Mtu asiyetaka kufyatua bastola hakugharimu risasi. Asiyetaka kwenda mjini hahitaji kujengewa mji. Kila anachokikataa yeye kwenye hadithi, wewe hukilipii. Mwongozo wote unasimama juu ya hesabu hiyo.

Nimewaandikia hasa ninyi mnaoishi Arizona, New Mexico, Utah na California, ambako jangwa lenyewe linaonekana dirishani. Aliyeko Dodoma au Kisumu achukue sehemu za skripti, silaha na sauti, zitamfaa kwa filamu yoyote.

Hatua ya 1: Soma habari za walioacha kweli

Kabla ya kubuni jambazi wako, watazame waliowahi kujaribu. Historia ya Marekani inao wa kutosha, na kila mmoja anakupa hadithi ya aina yake.

Frank James, kaka yake jambazi maarufu Jesse James, aliishi Tennessee miaka ya mwisho ya 1870 kwa jina la kubuni la Woodson, akilima na kufuga. Jesse alipouawa Aprili 1882, Frank alikaa miezi michache tu, kisha Oktoba akaenda mwenyewe kwa Gavana Crittenden wa Missouri na kumkabidhi mkanda wake wa bastola. Walimshtaki Missouri na Alabama, mabaraza ya wazee wa mahakama yakamwachia kote kuwili. Baada ya hapo aliuza viatu, akakata tiketi mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho, na uzeeni akawa anawatembeza watalii shamba la familia kwa kiingilio. Alikufa kitandani mwaka 1915. Hebu mfikirie huyo mteja wa viatu: anavalishwa kiatu na mtu ambaye kichwa chake kiliwahi kutangaziwa dola 5,000. Tukio hilo linahitaji stuli mbili na kiatu kimoja.

Emmett Dalton alinusurika Coffeyville, Kansas, 5 Oktoba 1892, kundi lao lilipojaribu kuvunja benki mbili kwa mpigo. Wanne kati ya watano walikufa. Yeye alitolewa pale na majeraha zaidi ya ishirini, akafungwa maisha, akasamehewa mwaka 1907, akahamia California na kuingia kwenye biashara ya nyumba na filamu. Kisa chake ni cha mtu anayeuza kumbukumbu zake mwenyewe.

Anayeniuma zaidi ni Henry Starr. Mwaka 1915 alivunja benki mbili za Stroud, Oklahoma, kwa siku moja, akapigwa risasi na kukamatwa. Alipotoka gerezani aliigiza filamu ya kuonya vijana kwamba ujambazi haulipi, yeye mwenyewe akiwa stelingi. Februari 1921 aliingia benki ya Harrison, Arkansas, akiwa na bastola, akapigwa risasi humo humo na kufa siku chache baadaye. Mtu aliyeigiza kutubu mbele ya kamera halafu akarudia: hapo pana filamu nzima, na kwa atakayeipiga bado nafasi ipo.

Billy the Kid alikutana na Gavana Lew Wallace wa New Mexico Machi 1879, wakakubaliana atoe ushahidi mahakamani ili asamehewe. Ushahidi aliutoa. Msamaha haukuja. Mwaka 2010 gavana mwingine wa New Mexico alilipima upya ombi hilo, zaidi ya miaka 120 baada ya kijana kuzikwa, naye akakataa.

Na Isom Dart, mtu mweusi, aliyekuwa na mifugo yake Brown's Park, huko Colorado inakopakana na Utah. Walimshuku wizi wa ng'ombe. Oktoba 1900 alipigwa risasi karibu na kibanda chake na mtu aliyejificha. Wengi wanaamini muuaji alikuwa Tom Horn, aliyekodiwa na wafugaji wakubwa.

Sasa jiulize: ni nani anayemzuia mtu wako asiache? Kwa Billy ni serikali. Kwa Dart ni majirani wenye fedha. Kwa Starr ni yeye mwenyewe. Kwa Dalton ni watazamaji wanaotaka kusikia tena ile ya benki. Chagua mmoja. Wanafunzi wengi wa skripti huwarundika wote wanne, wakapata filamu ya saa mbili ambayo hawawezi kuilipia.

Hatua ya 2: Mpe kazi ya mikono

Hapa ndipo filamu nyingi za aina hii huchemka. Tunaambiwa jamaa ameacha, halafu tunamwona ameegemea mlango anatazama machweo. Kuacha hakuonekani. Kinachoonekana ni kazi.

Mimi hupendekeza uzio wa seng'enge. Hati ya Joseph Glidden ya kumiliki ubunifu wa seng'enge ilitolewa mwaka 1874, kwa hiyo hadithi yoyote ya miaka ya 1880 inauruhusu. Nguzo arobaini, waya, nyundo, sururu ya kuchimbia mashimo: vyote unavipata duka la vifaa vya shamba. Mwigizaji hahitaji kuigiza uchovu, atachoka kweli. Uzio unavyorefuka siku hadi siku, mtazamaji anahesabu muda bila kuandikiwa "wiki tatu baadaye." Na adui akitaka kumuumiza, hana haja ya kuua mtu. Anakata waya usiku.

Weka pia hesabu ya mshahara. Kauboi wa miaka hiyo alilipwa kama dola moja kwa siku, 30 hivi kwa mwezi. Zile dola 5,000 za kichwa cha Frank James ni mshahara wa karibu miaka 14. Mwigizaji akikaa mezani akazipanga sarafu zake za mwezi, halafu rafiki wa zamani akaweka kifurushi cha noti kando yake, usiandike hata neno moja la mazungumzo.

Hatua ya 3: Tafuta mahali kabla ya kuandika

Andika skripti juu ya mahali ulipoona kwa macho. Watu wanaandika "mji wenye baa, benki na kituo cha treni" halafu wanaanza kutafuta. Wanaishia kukodi ranchi ya filamu kwa siku moja, bei ya siku hiyo ikala bajeti yote.

Filamu za bei rahisi za kauboi zimetegemea mawe tangu zamani. Studio ndogo za Hollywood za miaka ya 1930 na 1940 zilipiga filamu kwa siku chache kwenye ranchi ya Iverson, Chatsworth, na wakubwa kwa wadogo walikwenda Alabama Hills karibu na Lone Pine. Vasquez Rocks, kaskazini mwa Los Angeles, limepewa jina la Tiburcio Vásquez, jambazi halisi aliyejificha humo kabla ya kunyongwa San José mwaka 1875. Ukipiga hadithi ya jambazi pale, mwenyeji wako naye alikuwa jambazi.

Alabama Hills sehemu kubwa ni ardhi ya umma chini ya Bureau of Land Management, idara ya serikali ya shirikisho inayosimamia ardhi, na filamu ya biashara mara nyingi inahitaji kibali. Usijidanganye kwamba jangwa halina mwenyewe. Kila kipande kina mwenyewe: serikali ya shirikisho, jimbo, kaunti, taifa la Wahindi Wekundu lenye mamlaka yake, au mzee mwenye bunduki. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni mwenye shamba anayekuelewa. Mpelekee barua ya ukurasa mmoja: tarehe, idadi ya watu, magari mangapi, mtajisaidia wapi. Hilo la choo ndilo linalomtuliza. Mwonyeshe na cheti cha bima ya dhima, kwani mtu wako akivunjika mguu shambani kwake, yeye ndiye atakayeshtakiwa.

Nyumba ya jambazi isikusumbue. Watu weusi walioanzisha Nicodemus, Kansas, mwaka 1877 walianza maisha kwenye mahandaki yaliyochimbwa ardhini, maana miti ya kujengea haikuwepo. Chimba ukuta mmoja kwenye mteremko, weka mlango wa mbao kuukuu na bomba la jiko, umepata seti ya kweli kihistoria kwa bei ya majembe mawili. Ndani piga chumba chochote chenye ukuta wa udongo.

Kuhusu majira: Arizona na New Mexico hupata mvua za radi mchana, hasa Julai na Agosti, na mkondo mkavu unaweza kugeuka mto kwa dakika chache. Usiweke kambi mkondoni, hata kama kivuli kinakuita. Oktoba ndio mwezi wangu.

Hatua ya 4: Kurasa sitini, basi

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Zile kauboi za studio ndogo mara nyingi zilikuwa za saa moja tu, na hakuna aliyedai kurudishiwa senti zake. Kurasa 60 kwa siku 10 ni kurasa sita kwa siku. Inawezekana kama watu ni wanne na mahali ni pamoja.

Wahusika wangu wa mfano ni hawa: mtu aliyetoka gereza la Yuma (lilifunguliwa 1876, likafungwa 1909, tarehe zikusaidie), mjane mwenye shamba aliyemwajiri, mtoto wa mjane anayetaka kuonyeshwa bastola, na mshirika wa zamani anayefika ukurasa wa 22. Mshirika huyu msimfanye shetani. Mfanye mchangamfu, mpishi mzuri, anayejua utani wa siri ambao stelingi wetu hajaucheka miaka mingi. Mtazamaji akimpenda, kishawishi kimeshaingia.

Bastola ionekane mapema, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, halafu uiache. Watu wataingoja dakika arobaini.

Hatua ya 5: Waigizaji

Usihofu kumpa mtu mweusi nafasi ya stelingi eti "haikuwa hivyo." Wanahistoria wengi hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Bass Reeves alizaliwa mtumwa mwaka 1838, akawa afisa wa sheria wa serikali ya shirikisho chini ya Jaji Parker wa Fort Smith kuanzia 1875, na anahesabiwa kukamata watu zaidi ya 3,000. Kijana wa Kikongo wa Tucson anayezungumza Kiswahili nyumbani atavaa kofia ile bila kuomba ruhusa kwa mtu. Lafudhi yake itahitaji mazoezi, au basi mpunguzie maneno. Wanaume waliotoka Yuma hawakuwa wasemaji.

Hatua ya 6: Farasi mmoja, siku moja

Farasi ni ghali, na mwigizaji asiyejua kupanda anaonekana toka mbali, anavyorukaruka juu ya tandiko kama gunia. Kodi farasi mmoja pamoja na mtunzaji wake, kwa siku moja, na mpe mshirika: yeye ndiye anayekuja kutoka mbali, stelingi wetu farasi alishamuuza. Siku hiyo piga yote ya farasi: kufika, kufungwa kwenye nguzo, kunywa maji, kuondoka. Masikio ya farasi yakipigwa kwa karibu, na sauti ya kwato ikiwekwa baadaye, unaweza kumtumia hata kwenye matukio ambayo hakuwepo.

Kuanguka kwa farasi futa kabisa. Mwaka 1939 farasi alirushwa kutoka kwenye jabali na kufa kwa ajili ya filamu iliyomhusu Jesse James huyo huyo. Hasira za watu ndizo zilizolipa American Humane, shirika la kutetea wanyama, nafasi ya kusimamia wanyama kwenye seti za Hollywood kuanzia mwaka uliofuata.

Hatua ya 7: Bastola

Hapa nisikilize vizuri. Tarehe 21 Oktoba 2021, kwenye ranchi ya Bonanza Creek karibu na Santa Fe, kauboi ya bajeti ndogo ilikuwa kwenye maandalizi ya tukio. Bastola iliyotangazwa kuwa salama ilikuwa na risasi hai. Mpiga picha mkuu, Halyna Hutchins, aliuawa, na mwongozaji akajeruhiwa. Msimamizi wa silaha alikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2024, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Hadithi waliyokuwa wakiipiga ilikuwa ya jambazi.

Wako watakaokwambia risasi za baruti tupu hazina neno. Mwigizaji Brandon Lee alikufa mwaka 1993 akipiga filamu, kwa kichwa cha risasi kilichobaki ndani ya mtutu bila mtu kujua, kikasukumwa na baruti hiyo hiyo "isiyo na neno."

Kwa hiyo bunduki ya kweli isifike kwenye seti, iwe tupu au imejaa. Tumia za mpira au za chuma zisizoweza kubeba risasi. Mfano wa bastola ya Colt ya 1873 unapatikana kwa urahisi. Hata hizo, mtu mmoja azitunze kwenye sanduku la kufuli, azitoe tukio linapoanza na kuzirudisha likiisha. Hakuna kumwelekezea mtu: mwigizaji alenge pembeni ya mwenzake, kamera itadanganya.

Mwale na moshi vinawekwa kwenye uhariri. Baruti ya miaka ile ilitoa moshi mwingi mweupe, kwa hiyo mwale wa fremu moja au mbili na wingu zito litakalotanda vinatosha. Mtu wa pembeni apulize unga mwepesi ili mwigizaji apepese macho.

Jambo la mwisho, na nalisema kwa wanaofanana nami: mpigie sherifu wa kaunti siku mbili kabla, mwambie mahali na saa, na weka bango barabarani. Dereva anayepita akiona mtu mweusi na bastola shambani hatajua kwamba ni ya mpira, na wala hatasimama kuuliza.

Hatua ya 8: Nguo na vyombo

Duka la mitumba litakupa karibu yote. Ondoa zipu, ondoa nembo, badili vifungo. Nguo zioshwe na mawe, zisuguliwe kwa msasa kwenye magoti na viwiko, zipakwe vumbi la mahali penyewe. Vumbi jekundu la Utah kwenye nguo zinazopigwa kwenye mchanga mweupe litakuumbua. Si kila kichwa kilivaa kofia pana, picha za wakati ule zimejaa kofia za duara. Mezani weka mfuko wa kahawa ya Arbuckles', ambayo iliuzwa ikiwa imeshakaangwa na ndani yake mna kijiti cha pipi ya mnanaa. Mtoto na mshirika wakigombea pipi hiyo, umepata tukio la dakika mbili.

Hatua ya 9: Jua ndiye bosi

Jangwani mwanga wa saa sita ni kisu. Uso unakuwa na mashimo meusi mahali pa macho. Piga nje kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, ingieni ndani ya handaki saa sita hadi saa tisa, tokeni tena hadi jua lizame. Waigizaji watapumzika, betri zitachajiwa, na jua halitakulipisha.

Weka fremu 24 kwa sekunde na kasi ya kifunga lenzi karibu 1/50, na kichujio cha kupunguza mwanga kikae mbele ya lenzi, la sivyo mwendo utakatakata kama wa mechi ya mpira. Lenzi ibadilishwe ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Nilibadilisha yangu nje mara moja tu, penye upepo, na siku nzima ikatoka na doa moja kwenye kona ya anga.

Usiku wa jangwani unahitaji taa na jenereta. Usipokuwa navyo, piga mchana uwe usiku, mbinu ambayo Wafaransa huiita usiku wa Marekani. Jua liwe nyuma ya mwigizaji, mwanga uupunguze stopu mbili (ubaki robo), joto la rangi kwenye kamera liwekwe Kelvin 3200 ili picha iwe ya buluu, na anga lisionekane kabisa, maana ndilo litakalokusaliti. Tukio la kukatwa waya linafaa sana hapa: mikono, koleo, kivuli cha kofia.

Hatua ya 10: Sauti

Upepo utaharibu mazungumzo yako na utaiokoa filamu yako. Maikrofoni ivae manyoya, na kila mwigizaji awe na ndogo chini ya shati. Kila mahali mnapomaliza, wote wanyamaze dakika mbili mrekodi pale palipo: upepo, nzi, waya unavyolia ukivutwa. Nyundo kwenye nguzo irekodiwe karibu, mbali, na toka ng'ambo ya korongo.

Kwa risasi ya mbali kumbuka sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtu akifyatua kilimani, umbali huo, moshi uonekane kwanza, sekunde nzima ipite, ndipo mlio ufike. Sekunde hiyo moja ya kimya inatisha kuliko milio hamsini.

Hatua ya 11: Siku ya mwisho

Kibali kitakutaka uiache ardhi ulivyoikuta, kwa hiyo nguzo zote arobaini lazima zing'olewe. Msifanye hivyo jioni mkiwa mmeshavua nguo. Tengeni asubuhi ya mwisho, stelingi avae mavazi yake, kamera iwe kwenye miguu mitatu mbali kabisa, na azing'oe mwenyewe, moja baada ya nyingine, hadi atoke kwenye fremu. Rekodi yote bila kukata. Kwenye uhariri mtaamua kama ameshindwa na anaondoka, au mjane amempa kipande chake cha ardhi na anahamishia uzio huko.